Breki Huonya Kabla ya Kukataa: Jinsi Dereva Anavyoweza Kutambua Hitilafu Mapema

Chukua mfano wa dereva anayetoka Wundanyi alfajiri na pikapu iliyojaa kabeji na nyanya za kupeleka soko la Voi. Kabla ya kufika Mwatate atakuwa amekanyaga breki mara nyingi, kwa sababu kona zinafuatana na mteremko ni mrefu. Katikati ya safari pedali ya breki inazama hadi sakafuni. Anaikanyaga tena haraka haraka, inashika kidogo, na kwa bahati anafaulu kusimama kando ya barabara. Anashuka, anakunywa maji, anapiga simu nyumbani. Baada ya nusu saa anajaribu pedali na kuikuta imara kama kawaida. Anashukuru Mungu, anaendelea na safari.

Uamuzi huo wa kuendelea ndio wenye hatari kubwa. Breki iliyozama ikiwa moto na kurudi ikipoa haijapona. Imetoa onyo, na onyo linalofuata huenda lisimpe dereva nafasi ya kusimama.

Makala haya yanaeleza jinsi breki za mafuta zinavyofanya kazi, dalili zinazotangulia kukataa kwake, na jinsi ya kutofautisha hitilafu moja na nyingine. Breki za aina hii ndizo zilizomo katika magari madogo ya kibinafsi, teksi, pikapu na matatu za abiria 14. Malori makubwa na mabasi mengi hutumia breki za upepo, ambazo zina kanuni zake na hazizungumziwi hapa.

Kinachotendeka mguu unapokanyaga

Pedali ya breki ni wenzo. Dereva akiisukuma kwa nguvu ya kilo 20, na wenzo ukazidisha mara 4, nguvu ya kilo 80 hufika kwenye pistoni iliyo ndani ya masta silinda, chini ya boneti. Pistoni hiyo husukuma mafuta ya breki kupitia paipu nyembamba za chuma na mipira inayonyumbulika hadi kwenye kila gurudumu. Huko mafuta husukuma pistoni nyingine iliyo kubwa zaidi. Ikiwa pistoni ya masta silinda ina eneo la sentimita mraba 3 na ile ya gurudumu sentimita mraba 15, nguvu huzidishwa tena mara 5, na zile kilo 80 huwa kilo 400. Kwenye gurudumu lenye diski, nguvu hiyo hubana padi dhidi ya diski. Kwenye gurudumu lenye ngoma, hutanua viatu vya breki viguse ngoma kwa ndani.

Nguvu hiyo kubwa ina bei yake. Pedali husafiri sentimita kadhaa ili padi isogee kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya milimita moja. Ndiyo maana mfumo huu hauwezi kuvumilia hata kiasi kidogo cha hewa. Mafuta yakisukumwa hayapungui ukubwa, hivyo kila msukumo unafika kwenye gurudumu. Hewa ikisukumwa hujikunja kama sponji. Kiputo kidogo tu ndani ya paipu kinaweza kumeza sehemu kubwa ya mwendo wa pedali kabla padi haijagusa diski.

Vitu viwili vingine vinafaa kujulikana. Cha kwanza ni busta, lile chungu la duara lililo kati ya pedali na masta silinda. Busta hutumia nguvu ya kufyonza hewa inayotoka kwenye injini, au kwenye pampu maalum katika magari ya dizeli, ili kumsaidia dereva kusukuma. Cha pili ni kwamba masta silinda za magari ya siku hizi zimegawanywa sehemu mbili, kila moja ikihudumia magurudumu mawili. Paipu moja ikipasuka, magurudumu mawili hubaki na breki. Gari bado linaweza kusimama, lakini pedali hushuka chini sana na gari huhitaji nafasi ndefu zaidi. Mgawanyo huo umewekwa ili kumwezesha dereva kusimama salama, na haukuwekwa ili amalizie safari.

Ukaguzi wa dakika kumi kabla ya kuwasha safari

Ukaguzi huu hauhitaji kifaa chochote. Gari liwe mahali tambarare, limepoa, breki ya mkono imevutwa.

1. Dereva afungue boneti na kutazama chupa ya mafuta ya breki, ambayo kwa kawaida ni ya plastiki nyeupe na ina alama ya juu na ya chini. Mafuta yawe kati ya alama hizo. Rangi ya asali nyepesi ni nzuri. Rangi ya kahawa nyeusi inaonyesha mafuta yamezeeka au yamechafuka, ingawa mafuta yenye rangi nzuri nayo yanaweza kuwa yameshika maji.

2. Achuchumae kando ya kila gurudumu na kuangalia upande wa ndani. Unyevu unaoteleza kwenye ukingo wa ndani wa tairi, kwenye mpira wa breki au nyuma ya ngoma ni dalili ya kuvuja. Kipande cha karatasi safi kikipanguswa hapo kitaonyesha kama ni mafuta au ni maji ya umande.

3. Injini ikiwa imezimwa, akanyage pedali mara tano au sita hadi iwe ngumu, kisha aishikilie kwa nguvu ya wastani kwa muda wa nusu dakika. Pedali ibaki palepale. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali presha inapotea.

4. Akiwa bado ameishikilia, awashe injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo, kisha isimame. Kushuka huko kidogo ni busta ikianza kusaidia, na ni dalili nzuri. Isiposogea hata kidogo, busta, mpira wake wa hewa au valvu yake ina hitilafu.

5. Aanze safari kwa mwendo wa polepole, kisha akanyage breki kwenye sehemu tambarare isiyo na magari. Gari lisimame likiwa limenyooka. Likivuta upande mmoja, asiteremke mlima wowote nalo.

Pedali inasema nini

Hitilafu nyingi za breki hujulikana kwa namna pedali inavyohisi mguuni. Dereva anayeweza kumweleza fundi hisia hiyo kwa usahihi humpunguzia muda wa kutafuta, na hujipunguzia gharama ya kubadilishiwa spea ambazo hazikuwa na kosa.

*Pedali laini kama sponji.* Inashuka kwa ulaini, inarudi kama mpira, na inapata nguvu kidogo ikikanyagwa mara kadhaa. Kwa kawaida kuna hewa ndani ya mfumo. Hewa huingia chupa ya mafuta inapokauka, kiungo kinapofunguliwa, au sili ya mpira inapochoka. Kutoa hewa, kazi ambayo mafundi huita kublidi, hurudisha ugumu wa pedali. Lakini kama mfumo haukufunguliwa na hewa imeingia yenyewe, lazima njia iliyopitia itafutwe. La sivyo hewa itarudi. Mipira ya breki iliyozeeka inaweza kuleta hisia inayofanana na hiyo, kwa sababu huvimba mafuta yanaposukumwa. Mtu mmoja akikanyaga pedali na mwingine akitazama mpira, uvimbe huo wakati mwingine huonekana kwa macho.

*Pedali iko chini lakini ikikanyagwa mara ya pili inapanda na kuwa ngumu.* Hapa kisichofaa huwa ni nafasi kubwa mno kati ya padi au viatu na sehemu vinavyobana. Magari mengi yana ngoma nyuma, na viatu vyake vinapolika bila kurekebishwa, mkanyago wa kwanza huishia kuvisogeza tu. Breki ya mkono nayo huwa inavutwa juu sana kabla ya kushika. Tofauti yake na hewa ni kwamba pedali hii, ikishapanda, ni ngumu kweli wala haina usponji. Kublidi hakutasaidia. Viatu vikaguliwe, vibadilishwe au virekebishwe.

*Pedali inazama polepole ikishikiliwa.* Presha inatoroka, na maswali ni mawili: inatorokea nje au ndani? Ikiwa kiwango cha mafuta kwenye chupa kinapungua na kuna unyevu kwenye gurudumu au paipu, inavuja nje. Ikiwa kiwango hakipungui na kila mahali ni pakavu, huenda sili za ndani ya masta silinda zimechoka na mafuta yanarudi nyuma kupitia kando ya pistoni. Hali ya tatu huwachanganya hata mafundi: kiwango kinapungua lakini hakuna unyevu popote. Mara nyingi masta silinda inakuwa inavujia nyuma, ndani ya busta, ambako hakuna anayeona. Fundi akilegeza masta silinda kutoka kwenye busta atakuta unyevu hapo.

*Pedali ngumu kama jiwe na gari halisimami vizuri.* Presha haijapotea, msaada ndio umepotea. Kipimo nambari 4 hapo juu kitaonyesha kama busta inafanya kazi. Mara nyingi tatizo ni mpira wa hewa uliopasuka au kuchomoka, na hiyo ni spea ya bei ndogo kuliko busta nzima. Mlio wa hewa ikipita karibu na pedali, au injini kubadilika sauti breki inapokanyagwa, ni dalili za busta iliyotoboka. Ikiwa busta ni nzima, padi zitazamwe. Padi zilizoungua na kung'aa kama kioo, au zilizoingiwa na grisi, hazishiki hata zikibanwa kwa nguvu.

*Gari linavuta upande mmoja.* Gurudumu moja linafanya kazi kuliko mwenzake. Baada ya safari fupi, kiganja kikisogezwa karibu na kila ringi bila kuigusa, joto litaeleza. Gurudumu lililo moto sana linabanwa hata mguu ukiwa umeondolewa. Lililo baridi kuliko mwenzake halishiki. Fundi anaweza kuendelea na uchunguzi kwa kuinua gari kwa jeki, kulikalisha juu ya stendi, na kujaribu kulizungusha gurudumu lililokwama. Akifungua skrubu ya kutolea hewa na gurudumu likaachia mara moja, presha ilikuwa imenaswa kwenye mafuta. Kisababishi kinaweza kuwa mpira wa breki ulioziba kwa ndani au tatizo juu zaidi, upande wa masta silinda. Gurudumu likibaki limekwama hata baada ya kufungua, pistoni ya kalipa au pini zake zimeshika kutu. Kipimo hiki kidogo humwokoa mwenye gari asinunue kalipa wakati mpira ndio ulioziba.

*Pedali inatetemeka mguuni.* Ikiwa inatetemeka kila mara breki inapokanyagwa taratibu, uso wa diski si sawa tena au ngoma imepoteza umbo lake la duara. Ikiwa inatetemeka kwa nguvu tu pale dereva anapokanyaga kwa ghafla kwenye barabara yenye utelezi, na gari lina ABS, huo ni mfumo ukifanya kazi yake. Dereva aendelee kubana pedali bila kuiachia.

*Sauti na taa.* Mlio mwembamba unaotokea mara kwa mara unaweza kuwa ni padi zikionya kwamba zimekaribia kuisha. Mkwaruzo wa chuma kusaga chuma una maana kwamba zimeshaisha na diski inaharibika. Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi ikiwaka huku breki ya mkono imeachiwa, gari lisimamishwe na kukaguliwa palepale. Taa ya manjano ya ABS ina maana kwamba breki za kawaida bado zipo, lakini ulinzi dhidi ya magurudumu kukwama na kuteleza huenda haupo.

Kuongeza mafuta si kutengeneza

Kuna tabia iliyozoeleka ya kuongeza mafuta ya breki kila yanapopungua na kuendelea na safari. Mafuta ya breki hayachomwi kama petroli. Yakipungua kuna sababu mbili tu. Yanavuja, au padi zimelika, na pistoni za magurudumu zimesogea mbele zikichukua mafuta zaidi nyuma yake. Katika hali zote mbili kuongeza mafuta huficha habari ambayo chupa ilikuwa inampa dereva. Padi zilizolika zikibadilishwa baadaye, pistoni husukumwa nyuma na mafuta yaliyoongezwa humwagika chini ya boneti na kubabua rangi.

Jambo baya zaidi ni kuongeza kitu kisichofaa. Ingawa watu huyaita mafuta, maji hayo ya breki si oili. Oili ya injini, ya gia au ya stering huvimbisha na kulainisha sili za mpira za mfumo wa breki, na kosa la mara moja linaweza kulazimu sili na mipira yote ibadilishwe. Maji ya sabuni, ambayo baadhi ya madereva huyatumia kama dawa ya dharura, huleta kutu na huchemka mapema kuliko mafuta yoyote ya breki.

Aina ya mafuta huandikwa kwenye kifuniko cha chupa: DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1. Aina hizi tatu zina asili moja. DOT 5 ni kitu tofauti, ina silikoni, na haichanganywi nazo hata kidogo licha ya kufanana kwa majina.

Kwa nini pedali huzama mlimani

Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, polepole, mwezi baada ya mwezi. Unyevu huo hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huchemkia. Viwango vya kimataifa vinataka DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imeshika maji.

Gari linaloteremka mlima mrefu likiwa na mzigo, dereva akiwa amekalia breki muda wote, hugeuza nishati ya mwendo wake kuwa joto kwenye diski na ngoma. Joto hilo hupita kwenye padi na pistoni hadi kwenye mafuta. Mafuta yaliyozeeka yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, kama hewa, hujikunja. Pedali huzama. Gari likisimama na kupoa, mvuke hurudi kuwa maji na pedali huwa ngumu tena. Hicho ndicho kilichompata dereva wa kabeji katika mfano wa mwanzo. Maji bado yamo ndani ya mfumo wake, na mteremko unaofuata utayachemsha tena.

Hali hiyo isichanganywe na ile ya padi zenyewe kupata joto kupita kiasi. Hapo pedali hubaki juu na ngumu, lakini gari halipungui mwendo, na harufu kali ya kuungua husikika. Mafuta yakichemka, pedali huzama. Padi zikiungua, pedali husimama lakini haina kazi. Ya kwanza hutibiwa kwa kubadilisha mafuta yote, ya pili kwa kukagua padi na diski. Zote mbili huzuiwa kwa njia moja: kuteremka kwa gia ndogo ili injini ishike gari, na kukanyaga breki kwa uthabiti kisha kuiachia ipoe, badala ya kuibana kidogo kidogo njia nzima. Gia ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza.

Watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Kwa magari yanayopanda na kuteremka milima ya Taita kila siku na mzigo, kuchelewesha zaidi ya hapo ni kujitafutia balaa. Mafuta yanunuliwe kwenye chupa iliyofungwa. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji kwa miezi imeshaanza kunyonya unyevu.

Kwa fundi

Kazi ya breki ifanywe na fundi mwenye ujuzi nayo. Hata hivyo mwenye gari ana haki ya kuuliza na kuona. Kabla ya kazi kuanza, fundi aeleze amegundua nini na amepima vipi. Padi, viatu na mipira hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, ili gari lisivute upande. Spea za zamani aonyeshwe mwenye gari.

Wakati wa kublidi, mtu mmoja hukanyaga pedali na mwingine hufungua na kufunga skrubu kwenye gurudumu, hadi mafuta yatoke bila viputo. Magari mengi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, lakini mpangilio wa baadhi ni tofauti, na magari mengine yenye ABS huhitaji kifaa maalum. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Chupa isiachwe ikauke katikati ya kazi, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Kuna tendo moja ambalo mwenye gari hapaswi kulikubali hata kwa siku moja: kubana au kuziba paipu ya gurudumu linalovuja ili gari liendelee kutembea kwa breki za magurudumu matatu. Gari kama hilo linaweza kuonekana sawa sokoni, lakini likikanyagwa ghafla kwenye kona hugeuka upande. Magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, na breki ni sehemu ya ukaguzi huo. Cheti cha ukaguzi kinaeleza hali ya gari siku lilipopimwa. Siku nyingine zote zinabaki mikononi mwa dereva na mwenye gari.

Kazi ikiisha, gari lijaribiwe kwanza likiwa limesimama, kisha kwa mwendo mdogo mahali tambarare. Pedali ikanyagwe mara kadhaa kabla gari halijasogea, kwa sababu baada ya kubadilisha padi mikanyago ya kwanza huwa mitupu.

Breki zikikataa barabarani

Dereva asizime injini, kwa kuwa stering itakuwa nzito na busta itaacha kusaidia. Akanyage pedali haraka haraka. Mara nyingi presha kidogo hujengeka. Ashushe gia moja baada ya nyingine. Avute breki ya mkono polepole, kwa kuwa ikivutwa kwa ghafla magurudumu ya nyuma yanaweza kuteleza. Awashe taa za hatari na kupiga honi ili wengine wapishe. Akikosa njia nyingine ya kusimama, aelekeze gari upande wa mlima, kwenye ukingo au vichaka, mbali na upande wa bonde na mbali na watu. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Akishasimama, safari imeisha. Gari livutwe, au fundi aitwe hapo lilipo. Kabeji zinaweza kuhamishiwa kwenye gari jingine, hata kama faida ya siku itapungua. Siku zinazofuata mafuta yote ya breki yabadilishwe, padi na viatu vikaguliwe, na mipira itazamwe. Gari lirudi barabarani baada ya fundi kueleza kwa nini pedali ilizama. Kama hawezi kueleza, bado hajatengeneza.